Mtu Aliyezama Kwenye Video

Sinema ya kwanza niliyotumwa na kanisa kuitazama ilikuwa ya Kihindi, na niliipenda kuliko nilivyothubutu kuandika. Katika daftari langu niliandika hivi: "Mama analia mno. Nyimbo ni nyingi. Hakuna ulevi isipokuwa kwa mtu mbaya." Sikuandika kwamba mama yule alipowapata wanawe wawili waliopoteana tangu utotoni, nilitoa kitambaa nikajifanya napenga kamasi.

Daftari hilo ninalo mpaka leo hapa Butiama, ninapoishi kwa binti yangu. Ni daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na panya wamekula pembe moja. Wajukuu huniwekea sinema kwenye televisheni, na ikiisha huniuliza, "Babu, umeionaje?" Wanapenda kunisikia. Wiki iliyopita walinionyesha moja ya magari yanayoruka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Nikawaambia gari ni zuri, dereva hana adabu. Juzi wakaniwekea nyingine, watu wanagombana sebuleni kutwa nzima na hakuna hata mmoja anayekwenda kazini. Nikawauliza, "Hawa wanakula nini?" Walicheka tu, na mimi nikamkumbuka shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, na banda lake la video kule Murangi.

Kwetu hasa ni Bugwema. Ualimu ndio ulionipeleka Murangi, ufukweni, na mdogo wangu akanifuata huko. Mimi nilishika chaki, yeye akashika nyavu. Akaoa binti wa hapo hapo, mwenye sauti kubwa na maneno mengi, akajenga nyumba karibu na yangu. Ilikuwa ile miaka ambayo duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji lakini halikuwa na kitu kingine. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Mvuvi angalau alikuwa na kitoweo, na mdogo wangu hakuwahi kupita mlangoni kwangu bila kuniachia sato au furu wa kukaanga.

Siku moja ya upepo alikwenda kutega nyavu za sangara. Mtumbwi ulirudishwa na mawimbi. Yeye hakurudi.

Kwa watu wa ufukweni, mtu akiwa majini ziwa limefungwa. Hakuna anayetupa wavu wa kuvua mpaka apatikane. Walimtafuta siku nne. Siku ya tano wazee walikuja kwangu na shina la mgomba lililofungwa kwenye shuka. Ndiyo desturi yao: asipopatikana, huzikwa mgomba mahali pake, jina lake linatajwa, watu wanatupa udongo, ziwa linafunguliwa na mjane anajua ameshazika.

Nilikataa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niwekewe mikono kuwa mzee wa kanisa, na nilidhani ninajua mengi. Nikawaambia Mkristo hazikwi kwa sanamu ya ndizi. "Tumngoje," nikasema. "Akipatikana tutamzika kwa sala." Mkubwa wa wavuvi, mzee mmoja mwenye kovu la ndoana kwenye shavu, alilitazama lile shina, akalibeba begani, akaondoka bila kuaga. Wavuvi walirudi ziwani siku iliyofuata kwa sababu watoto hawali desturi, lakini mwaka mzima kila wavu ulipochanika walinitazama mimi.

Shemeji alikaa akingoja, kama nilivyomwambia.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sabuni zikarudi, mitumba ikajaa minadani, na watu wakaanza kuuza na kununua mambo ambayo hatukuwahi kuyafikiria. Shemeji aliuza mtumbwi wa marehemu, ambaye hakuna aliyekuwa akimwita marehemu mbele yake. Akapata jenereta kuukuu kutoka kwa wachimba dhahabu wa Buhemba, na deki na televisheni kutoka Musoma mjini, zimefungwa ndani ya godoro juu ya lori la dagaa. Akajenga banda la matete, akaziba madirisha kwa magunia, akapanga viti vya magogo. Alianza kuonyesha saa nane mchana, wavuvi wakisharudi ziwani na kupumzika, na kufunga kabla ya magharibi. Kwa banda hilo alilisha wanawe na kuwanunulia sare za shule.

Si kwamba sinema ilikuwa ngeni kwetu. Zamani, wakati wa dhiki ile, nilipata kuiona Bunda, kwenye uwanja wa kiwanda cha pamba, lilipokuja gari la sinema la serikali. Ilikuwa sinema ya kilimo bora. Katikati yake akatokea mama mmoja anafua kanga kwa mche mzima wa sabuni, povu limefika viwikoni. Uwanja mzima uliguna. Wengine walipiga vigelegele. Yalipofika mambo ya kunyunyiza dawa ya wadudu watu wakapiga kelele, "Turudishie sabuni!" Mwenye mashine akarudisha, mara mbili. Mpaka leo wakiniuliza sinema bora kuliko zote, moyoni najibu ile, ingawa sikumbuki ilifundisha nini juu ya pamba.

Banda la shemeji lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa la kila siku, na la mtu wa kanisa. Alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, hajapata kukosa meza ya Bwana. Minong'ono ilianza. Siku moja baraza la wazee likakaa na kuamua: mtu atumwe akazitazame hizo sinema, aandike. Zikionekana ni za upotovu, mama yule achague. Afunge banda, au atengwe na meza ya Bwana mpaka atubu.

"Aende mwalimu," mmoja akasema. "Kiingereza anakijua."

"Ni mke wa mdogo wangu," nikasema.

"Ndiyo maana. Wewe hukumpendelea hata mdogo wako."

Alikusudia kunisifu.

Nilimkuta shemeji anafagia banda. Nilipomaliza kumweleza aliegemea ufagio.

"Kwa hiyo umekuja kunipima meno, kama ng'ombe wa mnadani?"

"Nimetumwa, shemeji."

"Haya. Kaa mbele. Na hiyo kofia uivue, watu wa nyuma nao wana macho."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda sinema, mtu mzima mwenye mvi, daftari gotini. Nilikwenda wiki tatu, kila nikimaliza vipindi.

Kumbe nusu ya sinema alikuwa shemeji mwenyewe. Kila mkanda alitangulia kuutazama peke yake asubuhi, kisha mchana alisimama kando ya televisheni na kijiti, akitafsiri. Hakujua Kihindi, wala Kichina, wala Kiingereza. Hilo halikumzuia. Mama wa Kihindi akimlilia mwanawe, shemeji alisema, "Anamuuliza, mwanangu, umekondaga hivi, huko mjini hupikiwi?" Tajiri mwovu akinong'ona na watu wake, alisema, "Wanapanga kukataa ng'ombe za mahari." Na watu walielewa yote. Nami niliyekuwa nikikisikia Kiingereza niliandika kwa uaminifu: "Tafsiri si sahihi." Kisha nikaongeza: "Lakini inaadilisha."

Maoni yangu mengine yapo humo. Kuhusu ile ya karate niliandika kwamba nidhamu ya shule yao ni nzuri, mwanafunzi anachota maji miaka mingi kabla ya kufundishwa kurusha teke moja, ila shujaa alipigana na watu arobaini kisha akakaa kula bila kunawa mikono. Kuhusu ya askari mmoja aliyemaliza kikosi kizima msituni: "Risasi zake haziishi." Sisi tuliopata kugawana kiberiti kwa njiti, nyumba na nyumba, tulimwangalia mtu yule kama mbadhirifu. Kuhusu ile ya maisha ya Bwana wetu, aliyoionyesha Ijumaa Kuu bila kuombwa na mtu, niliandika kwamba miguu ya Bwana ilikuwa safi mno kwa mtu anayetembea njia za vumbi, na kwamba Petro alivuta wavu kama mtu asiyewahi kulala na njaa. Wavuvi waliokuwa nyuma yangu ndio walioliona hilo la wavu, nami niliazima maoni yao.

Niseme ukweli, nilianza kuyangojea mchana. Nilikuwa nimezoea kukaa na watu wa Murangi katika ibada na vikao tu, mahali ambapo mimi nasema na wao wanasikiliza. Humo bandani nilikaa gizani kati yao, tumebanana, harufu ya samaki na ya mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyeningoja niseme kitu. Mkubwa wa wavuvi, yule wa kovu, alikaa siku zote gogo la pili. Tulikuwa hatujasemezana vizuri tangu siku ya mgomba. Siku ya askari wa msituni aliniinamia akasema, "Mwalimu, huyo mtu angekuwaga kwetu tusingekuwa na viboko wanaokula mihogo." Nilicheka kwa sauti. Nadhani ndiyo siku niliyoamua moyoni kwamba banda halitafungwa.

Siku ya mwisho ya kutumwa kwangu mkanda ulichelewa. Lori kutoka Musoma liliharibika njiani, likafika saa tisa watu wameshakaa. Shemeji hakupata nafasi ya kuutazama kwanza. Akauchomeka tu, akashika kijiti chake.

Ilikuwa sinema ya Kizungu, ya wavuvi wa nchi ya baridi, wamevaa makoti mpaka magotini. Banda lilichangamka, maana hii ilikuwa kazi yetu. Watu walilaumu mafundo, walilaumu namna ya kushika kasia. "Anavuta wavu kama anavuta mbuzi!" Shemeji naye alitafsiri kwa furaha: marafiki wawili, msichana mmoja, baba mkali. Kisha ikaja dhoruba. Rafiki mmoja alianguka majini, mwenzake akajirusha kumwokoa, akamsukuma mpaka akashika kamba. Yeye mwenyewe akazama. Mkono ulionekana, kisha haukuonekana.

Shemeji alishusha kijiti, akajibanza nyuma ya televisheni.

Sinema ikaendelea bila tafsiri. Aliyeokoka alifika nchi kavu, msichana akamkimbilia, wakabusiana ufukweni. Ikafuata harusi, kengele, mvinyo, na maandishi yakaanza kupanda.

Hakuna aliyeinuka. Mkubwa wa wavuvi akasema, "Mama, weka mkanda wa pili."

"Hakuna wa pili, baba," shemeji akajibu toka nyuma ya televisheni. "Imeisha."

"Imeishaje na mtu yuko majini?"

"Ndivyo ilivyoisha."

"Wanaoana, mtu yuko majini?"

"Hawa Wazungu hawanaga wazee?" mwingine akauliza, lakini hakuna aliyecheka.

"Mimi kesho siingii ziwani," mkubwa akasema.

Kijana mmoja akajaribu. "Mzee, hiyo ni picha tu."

"Umemwona, hukumwona?"

"Nimemwona."

"Amezama, hakuzama?"

"Amezama."

"Basi."

Nikageuka kwenye gogo langu, nikawaeleza kama mwalimu. Nikawaambia wale ni waigizaji, kwamba mtu yule alitoka majini, akajikausha kwa taulo, akaenda kula.

"Mwalimu, ulimwona akitoka?" mkubwa akauliza.

Sikuwa nimemwona.

"Na safari ile ulituambia tungoje," akasema, taratibu kabisa, bila hasira. "Tumengoja."

Nilielewa hapo kwamba hatukuwa tukizungumza juu ya Mzungu. Labda wao walielewa tangu mkono ulipozama. Nilitazama televisheni, ambako chengachenga zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye kioo, na nyuma yake nikaona kitambaa cha shemeji tu, kichwa kimeinama.

Nikasimama. Nikasema tuombe. Sikuwa na kitabu lakini sala ya maziko naijua kwa moyo, nimeisoma juu ya makaburi mengi. Wanaume wakavua kofia. Nilianza vizuri, mpaka nikafika mahali pale ambapo jina hutajwa, nikasita. Mtu wa kwenye video hakuwa na jina tulilolijua.

"Jina," akasema mkubwa. "Hazikwi mtu bila jina."

Kisha nyuma ya televisheni shemeji akalitaja jina la mume wake. Alilitaja lote, la ubatizo, la nyumbani na la baba yetu.

Nililirudia. Mkubwa wa wavuvi akainama, akachota mchanga wa sakafuni, akautupa polepole chini ya meza ya televisheni. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Nami nikatupa. Akina mama waliokuwa nje wakiuza mahindi walisikia sala, wakaanzisha wimbo wa maziko bila kuuliza nani amekufa. Tulipotoka jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa.

Asubuhi mitumbwi ilitoka.

Lakini habari zilinitangulia barazani. Kabla sijafungua daftari, mzee mmoja akauliza kama ni kweli kwamba kwenye banda lile watu wanazika picha za televisheni na kutupa mchanga, na kwamba aliyeongoza ni mzee wa kanisa. Akasema hayo hayakuwa maoni juu ya sinema tena, yalikuwa upagani, na sasa hata shauri la kumtenga yule mama lilikuwa jepesi.

Nilisoma daftari lote kama nilivyoagizwa, Mhindi, karate, askari, Bwana wetu. Nilipofika ukurasa wa mwisho nililifunga, nikawaeleza kwa mdomo. Niliwaeleza na habari ya shina la mgomba nililolikataa. Nikasema kama kuna mtu wa kutengwa, ni mimi niliyemwacha mjane bila maziko kwa miaka yote ile na kuliita jambo hilo imani.

Mchungaji wetu alikuwa mzee kuliko sisi sote, mtu wa maneno machache. Aliuliza, "Sala uliisema yote?"

"Yote."

"Na jina?"

"Na jina."

Akamgeukia katibu. "Lete kitabu cha maziko." Kikaletwa. Akaandika yeye mwenyewe jina la mdogo wangu. Kwenye nafasi ya mahali pa kaburi akafikiri kidogo, akaandika: Ziwani.

"Na banda, Mchungaji?" yule mzee akauliza.

"Jumapili lisifunguliwe. Watoto wa shule wasiingie kwenye sinema za vita." Akafunga kitabu. "Na mwalimu aendelee kwenda."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka ziishe."

Nilikwenda moja kwa moja bandani kumwambia shemeji. Alikuwa anafuta mikanda kwa kitambaa. Alisikiliza, akaniuliza tu kama mwandiko ulikuwa wa wino. Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema, akageuka kuwasha jenereta. Siku ya meza ya Bwana alikaa mstari wa mbele na kwaya yake, na kwa mara ya kwanza alivaa kitambaa cheusi cha mjane, miaka mingi baada ya wajane wenzake wa rika lake kuvivua vyao. Alikivaa mwaka mzima kama inavyopasa. Kisha akakivua.

Sinema hazikuisha, ila Murangi niliondoka nilipostaafu. Shemeji amekwisha tangulia, naye kaburi lake tunalijua, nililipandia maua. Namshukuru Mungu kwa kunivumilia nilipokuwa najua mengi.

Wajukuu hawaijui habari hii yote. Wanachojua ni tabia ya babu yao: mtu akianguka majini kwenye sinema mimi siendi kulala wala kula mpaka nione mwisho wake. Jana walikuwa wameniwekea moja, mtu akatumbukia mtoni. Chakula kikawa mezani, binti yangu ananiita. Mjukuu wangu wa mwisho, msichana wa darasa la tatu, akanishika mkono.

"Babu, nenda ukale. Hii nimeiona. Anapatikanaga."

"Una hakika?"

"Wanamtoa wenyewe, wanampa na blanketi."

Nikaenda nikala.